Gharama Haipungui, Huhama

Hotuba iliyotolewa mjini Kericho mbele ya wanaharakati na waumini wa makanisa ya Kericho na Bomet, kuhusu karo za vyuo vikuu vya umma



Mmetuita tuzungumze juu ya karo za vyuo vikuu. Sisi ni mawakili; hatukusomea uchumi, wala hatujui siri za Hazina ya Kitaifa. Lakini wakili huona karatasi ambazo wengine hawazioni, na karatasi husema kweli hata pale wakubwa wanapotabasamu. Kwa hiyo tutaanza na karatasi moja iliyoandikwa na mikono yetu wenyewe, nayo hatujivunii.

Mkataba wa miaka mitano

Agosti 2024 mzee mmoja mkulima aliingia ofisini mwetu akiwa na bahasha. Ndani yake mlikuwamo barua ya binti yake ya kuitwa chuo kikuu, orodha ya malipo, na risiti za majani chai. Hakuja kulalamika. Alikuja tumwandikie mkataba wa kukodisha majani yake, yaani mchai wote wa shamba lake, kwa mtu mwingine kwa muda wa miaka mitano, ili apate fedha taslimu kabla ya siku ya kuripoti.

Tulimwuliza mambo yalifikaje hapo. Kozi ya binti yake ilikuwa imetiwa bei ya shilingi 200,000 kwa mwaka, na familia ikawekwa katika daraja la nne. Kijana aliyewajazia fomu katika duka la kompyuta alikuwa ameandika malipo ya mwezi wa bonasi kana kwamba ndiyo mapato ya kila mwezi. Kwa karatasi ile, mzee huyu mwenye ekari moja na nusu akageuka kuwa tajiri. Siku za kuripoti zikafika kabla kosa halijasahihishwa.

Tuliuandika mkataba ule. Ulikuwa halali, pande zote mbili zikatia sahihi, na mzee akatushukuru. Binti akaenda chuoni. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Septemba 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma kote nchini, na mgomo ule ukachukua siku 49. Binti akarudi nyumbani. Ili asikae bure, akachuma majani katika shamba la baba yake kwa malipo ya kilo, akilipwa na yule aliyelikodi.

Ndugu zetu, hatukuyabuni hayo ili tuwasikitishe. Miongoni mwenu wako waliokodisha mchai, waliouza ng'ombe wa maziwa, na walioweka hati ya shamba rehani. Twataka tulielewe jambo hili sawasawa, kwa sababu lisiloeleweka haliwezi kudaiwa.

Tulikotoka

Mwaka 1991 taifa letu lilifanya mambo mawili makubwa. Mwezi wa Desemba, baada ya mateso mengi, Bunge lilikifuta Kifungu 2A, nasi tukaruhusiwa tena kuwa na vyama vingi. Mwaka huohuo, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na mpango wake wa kurekebisha uchumi, serikali ikaanza kuwatoza wanafunzi wa vyuo vikuu malipo ya moja kwa moja, wakaita jambo hilo kugawana gharama. Jambo la kwanza tulilidai sisi wananchi. La pili hatukuulizwa.

Yaliyofuata mwayajua. Mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na vyuo vingine vikafuata. Ilipotajwa karo, vijana waliandamana, na mara nyingi walijibiwa kwa rungu na kwa kufungiwa vyuo. Desemba 1996 wanafunzi wa Egerton, hapa jirani, na wa Kenyatta waliuawa kwa risasi.

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 80 tulikuta mambo yamekwisha kupangwa. Barua yetu ya kuingia chuoni ilidai shilingi 16,000 kwa mwaka, na mkopo ukatusaidia. Ilikuwa taabu, lakini mtoto wa mchuma majani aliweza kukaa darasa moja na mtoto wa waziri. Twasimama mbele yenu kwa sababu ya mpango ule. Tungekuwa wanafiki kama tungepanda ngazi kisha tukanyamaza inapovutwa juu.

Mizani ya madaraja

Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mpango mpya. Zamani fedha za serikali zilipelekwa chuoni moja kwa moja. Sasa zingemfuata mwanafunzi, kila mmoja kwa kadiri ya uhitaji wake. Kufikia mwaka 2024 familia zilikuwa zimegawanywa katika madaraja matano. Katika daraja la kwanza serikali hutoa ufadhili wa asilimia 70 ya bei ya kozi, mkopo asilimia 25, familia asilimia 5. Katika daraja la nne ufadhili ni asilimia 40, mkopo 30, familia 30. Katika la tano ufadhili ni asilimia 30, mkopo 30, na familia hubeba 40.

Mgala muue na haki mpe. Wazo la kumsaidia maskini zaidi kuliko tajiri si baya. Mpango wa zamani ulimpa ruzuku ileile mtoto wa bwenyenye na wa kibarua. Tena serikali ilikuwa imeahidi kuvilipia vyuo asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, haikutimiza, na vyuo vikazama katika madeni. Chuo hakiendeshwi kwa maombi peke yake. Hayo twayakubali.

Lakini tuipime mizani hiyo kwa majani. Familia ya yule mzee ilitakiwa kutoa shilingi 60,000 kwa mwaka, bila chakula wala malazi. Tuchukue kwamba mkulima analipwa shilingi 25 kwa kilo na anamlipa mchuma shilingi 10. Zimebaki 15, na mbolea bado haijatajwa. Ili apate 60,000 yampasa apeleke kituoni kilo 4,000 ambazo hakuna senti yake hata moja itakayonunua sukari. Upande wa mkopo, binti atakopa 60,000 nyingine kila mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 240,000, kabla ya mkopo wa kujikimu na kabla ya riba ya asilimia 4. Hilo ni deni la mtu ambaye bado hajajua kama kazi ipo.

Na kuna jambo la kalenda, ambalo ofisi za Nairobi haziwezi kuliona kwa kuwa mshahara wao huja kila mwisho wa mwezi. Mkulima wetu hulipwa kidogo kila mwezi, na malipo yake makubwa, bonasi, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba. Chuo hufunguliwa Agosti au Septemba. Kati ya siku ya kuripoti na siku ya bonasi ndipo anapokaa mkopeshaji wa riba, na ndipo mikataba kama ule wetu inapoandikwa. Bonasi yenyewe si ya kutegemewa: mwaka 2025 ilishuka, na viwanda vya huku kwetu vililipa kwa kilo kiasi kidogo sana kuliko vile vya upande wa Mlima Kenya, hata wakulima wakatoka barabarani. Fomu huuliza mapato ya mwezi. Mapato ya mkulima wa chai hayana mwezi. Yana msimu, na yana bei inayopangwa kwenye mnada wa Mombasa.

Kupunguza gharama

Tumeambiwa kwamba vyuo sharti vijifunze kubana matumizi. Nani atakataa? Lakini tutazame kilichobanwa. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikongwe cha vyuo vyetu, kilifuta ngazi za uongozi, kikaunganisha vitivo, na wakati huohuo kikapandisha sana karo za wanaosoma shahada za uzamili na wanaojilipia. Kwingine wahadhiri wa kudumu hawaajiriwi tena. Wanachukuliwa wa muda, wanaolipwa kwa saa na kungoja malipo yao miezi na miezi. Baadhi ya vyuo vimewakata wafanyakazi kodi na akiba za uzeeni bila kuzifikisha panapohusika. Mgomo wa mwaka 2025 ulihusu shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya miaka ya 2017 hadi 2021. Wahadhiri walirudi darasani tarehe 5 Novemba baada ya kuahidiwa kulipwa kwa awamu mbili. Dawa ya deni ni kulipa. Lakini deni hilo lilikaa miaka, na aliyelipia kucheleweshwa kwake ni mwanafunzi.

Sisi watu wa chai twapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Makampuni ya mashamba makubwa yalipoleta mashine za kuchuma majani, yalisema yanapunguza gharama. Mei 2023 hasira ilipanda na mashine zikachomwa moto. Sisi hatuungi mkono moto. Moto haujapata kumrudisha kazini mchuma hata mmoja. Lakini mwaliona jambo lenyewe. Ujira uliofutwa katika daftari la kampuni haukutoweka duniani. Ulionekana tena nyumbani kwa mchuma, katika sufuria iliyo tupu na mtoto aliyerudishwa kutoka shule. Gharama haikupungua. Ilihama.

Vivyo hivyo kwa chuo kikuu. Serikali inapotoa pungufu, chuo humwongezea mwanafunzi. Chuo kinapokosa kumlipa mhadhiri, mwanafunzi hulipa kwa siku 49 za maisha yake. Mwanafunzi asipoweza, baba hulipa kwa mchai. Kila anayesema amepunguza gharama na aulizwe: umempelekea nani?

Na swali lingine. Mwaka 2025, baada ya kelele nyingi za wazazi na wanafunzi, serikali ilitangaza kwamba karo za vyuo vikuu zitashuka kwa kati ya asilimia 15 na 40. Twashukuru. Lakini wakili hawezi kukosa kuuliza: ikiwa bei ya mwaka 2023 ilikuwa gharama halisi ya kumfundisha mtoto, imewezekanaje kukatwa hadi asilimia 40 kwa tangazo moja? Na kama haikuwa gharama halisi, yule mzee alikodisha mchai wake kulipia nini?

Hili si la Kenya pekee. Makerere, wanafunzi, wengi wao wasichana, waliandamana Oktoba 2019 kupinga nyongeza ya asilimia 15 kila mwaka. Afrika Kusini waliinuka mwaka 2015 hata serikali yao ikatangaza kuwa karo haitapanda mwaka uliofuata. Popote pale bei iliyowekwa gizani ilijadiliwa mchana baada ya vijana kusimama.

Sheria yasema nini

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya elimu. Kifungu cha 10 chataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 47 chamtaka mwenye mamlaka, anapochukua hatua inayoweza kumdhuru mtu, ampe sababu kwa maandishi. Hayo hatukupewa kama zawadi. Yalipatikana kwa jasho la miaka ishirini tangu siku zile za Kifungu 2A.

Shirika la haki za binadamu la KHRC na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba mpango ule wa ufadhili ulikwenda kinyume cha Katiba. Alisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kwamba ulibagua, na kwamba uliwatwika wazazi wajibu ulio wa serikali. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2025 wanafunzi wakaendelea kupangwa katika madaraja yaleyale.

Wako watakaowaambia kwamba kuyasema haya ni kuisaliti nyumba yetu. Mwaka 2022 Kericho na Bomet tuliipigia serikali hii kura kwa wingi mkubwa sana. Basi, wasema, tunyamaze. Ndugu zetu, tumewahi kuusikia wimbo huo. Miaka ya mwanzo wa mageuzi, mtu wa Bonde la Ufa aliyetaja vyama vingi aliitwa msaliti. Hata hivyo askofu Alexander Muge wa Eldoret, mwana wa huku huku, aliwakemea wenye nguvu wa siku zake juu ya ardhi na ufisadi, mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990. Kura ni wakala tunaompa mtu atutumikie. Mwenye kumpa wakala ana haki ya kudai hesabu, tena yeye ndiye wa kwanza.

Yatupasayo kufanya

Waumini mwakijua kitabu cha Nehemia, sura ya tano. Watu walimlilia kwamba wameweka mashamba yao rehani ili wapate nafaka na kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Nehemia alikasirika, lakini kwanza alitafakari moyoni. Kisha akawakabili wakubwa uso kwa uso, akaitisha mkutano mkuu, akawataka wayarudishe mashamba, na wakaapa mbele ya makuhani. Tena yeye mwenyewe, aliyekuwa liwali, kwa miaka kumi na miwili hakula posho ya uliwali. Hivyo ndivyo kiongozi anavyopunguza gharama: huanzia mezani kwake.

Basi twapendekeza mambo matano.

La kwanza, kila chuo kikuu cha umma, ikiwa ni pamoja na Kabianga chetu na chuo kishiriki cha Bomet, kichapishe hesabu ya kila kozi: bei imefikiwaje, mhadhiri analipwa nini, uongozi unatumia nini. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kuziomba habari hizo. Mficha uchi hazai.

La pili, kila familia ipewe kwa maandishi sababu ya daraja iliyowekwa, na rufaa ijibiwe kabla ya siku ya kuripoti.

La tatu, mtoto wa mkulima aruhusiwe kulipa kwa kufuata msimu wa mazao, asifungiwe mtihani mwezi mmoja kabla ya bonasi.

La nne, wahadhiri walipwe wanachodai, na siku za masomo zinazopotea kwa migomo zisiwaongezee wazazi malipo.

La tano latuhusu sisi. Kila kanisa liteue watu watatu au wanne, walimu na vijana wenye ujuzi wa kompyuta, wakae na wazazi wakati wa kujaza fomu. Kosa moja la fomu liligharimu mchai wa miaka mitano. Ofisi yetu itawafundisha watu hao bila malipo. Wekeni kila risiti na kila barua. Tutaandaa ombi kwa Bunge, kama Kifungu cha 119 kinavyoturuhusu, na twataka liwe na majina ya wakulima, si ya mawakili tu. Na ikibidi kuandamana, tuandamane kwa amani na bila silaha, kama Kifungu cha 37 kisemavyo, wazee wakiwa mstari wa mbele, ili asiwepo wa kusema ni watoto wahuni. Tangu Juni 2024 tumewazika vijana wa kutosha katika nchi hii.

Neno moja kwa wachungaji na mapadri. Mwanasiasa huja kwenye harambee ya karo akiwa na bahasha, nasi tunampigia makofi. Novemba 2024 Kanisa Katoliki jijini Nairobi lilirudisha mchango wa Rais. Hatuwaambii mkatae kila shilingi. Mtoto anangoja karo. Lakini kabla ya kuipokea bahasha, mwulizeni mgeni mbele ya madhabahu: uliipigiaje kura bajeti ya vyuo vikuu? Akijibu, mpeni kipaza sauti. Akikosa jibu, hiyo bahasha ni sehemu ndogo ya kile alichokwisha kukichukua.

Mkataba wa yule mzee utakwisha Agosti 2029. Hatuna uwezo wa kuuvunja, kwa maana ni halali. Lakini ofisini mwetu, kila unapokaribia mwezi wa Agosti, huja wazee wengine wenye bahasha. Twataka ufike mwaka ambao hatatokea hata mmoja wa kutuomba karatasi ya namna ile. Tusaidieni kukosa kazi hiyo.

Mungu awabariki, na aibariki Kenya.